Kupakua Mafaili Mazito kwa Laini ya Simu

Kati ya mwaka 1999 na 2003 nilikuwa mtunza kompyuta wa ofisi moja ya mafunzo iliyokuwa Upanga, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu, ingawa haikuandikwa katika mkataba wowote, ilikuwa kuvuta programu kutoka ng'ambo kwa modemu ya simu, kifaa kinachopitisha data za kompyuta kwenye laini ya simu: viendeshi vya printa, masasisho ya programu za kukinga virusi, vitabu vya mafunzo, na baadaye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao wanafunzi wetu walianza kuuulizia kwa bidii. Ofisi ilikuwa na laini moja tu, nayo ilitumika pia kwa faksi. Kila dakika ya kuunganishwa ililipiwa mara mbili, kwa kampuni ya simu na kwa mtoa huduma wa intaneti, kwa hiyo suala la kasi halikuwa la anasa. Bili ilipofika mwisho wa mwezi, mhasibu aliniita mimi kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.

Fikra iliyotawala wakati ule ilikuwa kwamba kasi hununuliwa dukani. Modemu za 56K zilipoanza kuonekana mjini, baada ya kiwango cha V.90 kupitishwa mwaka 1998, kila ofisi iliyojiweza ilinunua, na wengi walishangaa kuona mafaili yanashuka kwa mwendo uleule wa jana. Sababu yake haikuwa siri. V.90 inategemea kwamba mtoa huduma ameunganishwa na mtambo wa simu kwa njia ya kidijitali, na kwamba mawimbi yanageuzwa kati ya dijitali na analogi mara moja tu kati yake na wewe. Yakigeuzwa mara ya pili mahali popote njiani, modemu zote mbili hurudi kimyakimya kwenye V.34, kiwango kilichotangulia, ambacho kikomo chake ni biti 33,600 kwa sekunde. Na hata pale V.90 inapokubali, kupandisha faili hubaki chini ya kikomo hichohicho. Kwa laini yetu, modemu mpya na ya zamani zilikuwa sawasawa, na kwa kuwa ile ya zamani, Sportster ya US Robotics, ilikuwa ya nje na yenye taa zake mbele, niliendelea kuitumia hiyo.

Kabla ya kuongeza kasi ilinibidi nijue kwanza kasi iliyopo, na hapo palikuwa na ulaghai mdogo ambao ulipoteza watu wengi. Kompyuta zenye Windows 95 na 98 mara nyingi zilionyesha kwamba umeunganishwa kwa 115,200, na nimewahi kumsikia mtu akijivunia namba hiyo mbele ya wageni. Hiyo ni kasi ya waya mfupi ulio kati ya kompyuta na modemu iliyo pembeni yake, wala haihusiani na laini ya simu. Ili kuipata namba ya kweli, modemu nyingi zilihitaji kuambiwa kwa amri ATW2 ziitaje kasi ya laini. Sportster yetu iliitaja yenyewe, na nilipoipigisha simu kwa programu ya temino, inayoonyesha maneno ya modemu yenyewe, badala ya kile kidirisha cha Windows, ilijibu kwa maneno kamili: CONNECT 28800/ARQ/V34/LAPM/V42BIS. Kutokana na mstari huo unaweza kufanya hesabu. Biti 28,800 ni baiti 3,600 kwa sekunde. Ukiondoa gharama za itifaki hubaki zaidi kidogo ya kilobaiti 3, kwa hiyo faili la megabaiti 10 litachukua karibu saa nzima hata kama hakuna kitakachoharibika. Niliibandika hesabu hiyo ukutani juu ya meza, na ilinisaidia hasa kwa wale waliokuja saa tisa alasiri wakitaka kitu cha megabaiti 40 kabla ya ofisi kufungwa.

Herufi V42BIS za mwisho wa mstari ule nazo zilizua imani potofu. Huo ni ubanaji wa data unaofanywa na modemu zenyewe, na kwa maandishi matupu hufanya kazi nzuri sana, kiasi kwamba barua pepe ndefu ilishuka kwa kasi iliyozidi hesabu yangu ya ukutani. Lakini faili la zip limekwisha kubanwa na aliyelitengeneza, kwa hiyo hakuna cha kubana tena. V.42bis hulitambua hilo na kulipitisha kama lilivyo. Ubanaji wa zamani zaidi, MNP 5, haukuwa na akili hiyo na uliweza hata kulivimbisha faili njiani. Nilipokuta modemu inakubaliana kwa MNP 5, niliuzima.

Laini yenyewe ilikuwa jambo zito kuliko yote haya. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na sikio la mtu husamehe mengi ndani ya mipaka hiyo, modemu haisamehi. Wakati wa masika laini yetu ilikoroma kidogo, si kiasi cha kumzuia mtu kuzungumza, lakini kasi ilishuka hadi 21,600 na kukatika kukawa jambo la kila siku. Nilimwita fundi wa simu aliyekuwa akifanya kazi za majengo mtaani kwetu, mzee mmoja ambaye alikuwa amefunga nyaya za nusu ya ghorofa za Upanga. Baada ya shikamoo na marahaba hakuigusa modemu hata kidogo. Aliuliza, «Kijana, laini hii ina simu ngapi humu ndani?» Nikamtajia ya mapokezi, ya mkurugenzi na ya mlinzi getini. Akatikisa kichwa, akachukua bisibisi, akaanza kuufuata waya kutoka kwenye kisanduku cha nje.

Tulichokikuta kilinifundisha zaidi ya kitabu chochote cha modemu nilichosoma. Kwenye soketi ya mapokezi, nyuma ya kabati la majalada, skurubu mbili za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, ile inayoletwa na hewa ya chumvi, na nyuzi za waya zilikuwa zimesagika hadi zimebaki mbili au tatu. Kutoka hapo waya wa pili ulitoka kwenda getini, ukipita chini ya zulia na kisha ndani ya bomba la plastiki lililopasuka lililolala karibu na bustani, ambayo ilimwagiliwa kila asubuhi. Kiungo kilichokuwa ndani ya bomba hilo kilifungwa kwa utepe wa umeme ambao gundi yake ilikuwa imeyeyuka. Mzee alikata sentimita chache za kila waya hadi akafikia shaba inayong'aa, akaunga upya kwa viungio vyenye jeli ndani yake, kisha akabadilisha mpangilio wote: laini ikitoka nje iingie kwanza kwenye modemu, na simu nyingine zote zitoke kwenye tundu la modemu lililoandikwa PHONE. Modemu ile, kama zilivyo nyingi, ilipokuwa ikishika laini ilizikata simu zilizo nyuma yake, hivyo mlinzi akiinua mkonga getini alisikia kimya tu, na faili langu liliendelea kushuka. Siku hiyohiyo modemu iliungana kwa 31,200. Sijawahi kuona programu yoyote ya kuongeza kasi iliyofanya kazi kama bisibisi ya mzee yule.

Hata hivyo, 31,200 haikuwa kasi bora kwetu, na hili ndilo nililopata shida zaidi kumweleza mtu yeyote ofisini. Modemu huchagua kasi ya juu kabisa inayoonekana kuwezekana wakati wa kupiga simu, katika zile sekunde za mlio na mkwaruzo. Kelele zikija baadaye, pakiti huharibika na kutumwa tena, na zikizidi, modemu husimama na kupatana upya. Katika muda huo, ambao unaweza kuchukua sekunde kadhaa, hakuna baiti hata moja inayopita. Nilikuwa nikiitazama taa ya RD, inayowaka kila data inapoingia: ilimeta mfululizo, kisha ikazimika, kisha ikarudi. Baada ya kukata simu, Sportster ilijibu amri ya ATI6 kwa kutoa taarifa ya mazungumzo yote, ikiwemo idadi ya vipande vilivyorudiwa na mara modemu zilizoomba kupatana upya. Kwa siku za mvua safu hizo zilijaa namba. Nikaanza kuiwekea modemu kikomo kwa AT&N13&U10, yaani isipande juu ya 26,400 wala isishuke chini ya 19,200, na mafaili yakawa yanafika mapema zaidi kwa kasi ndogo kuliko kwa kasi kubwa. Nikaongeza pia thamani ya S10, ambayo huiamuru modemu ivumilie kupotea kwa mawimbi kwa muda gani kabla ya kukata simu. Kipimo chake ni sehemu za kumi za sekunde, na thamani iliyokuja nayo ilikuwa chini ya sekunde moja, muda mfupi mno kwa laini ambayo hukwaruza radi inapopiga upande wa Kigamboni.

Jambo la kompyuta yenyewe nilimalizana nalo haraka. Kompyuta za zamani zilikuwa na chipu ya bandari ya serio, pale modemu inapochomekwa, iliyoweza kuhifadhi baiti moja tu, na kwa kasi ya 115,200 baiti mpya huingia kila baada ya mikrosekunde 87 hivi. Windows ikishughulikia diski kwa muda mfupi tu, baiti inayofuata huifuta iliyotangulia. Chipu ya 16550A ina nafasi ya baiti 16 na humaliza tatizo hilo. Programu ya MSD iliyokuja na DOS ilitaja aina ya chipu, na mashine iliyokosa 16550A sikuitumia kupakulia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja, nalo ni kutovuta baiti ileile mara mbili. Chukua laini ambayo hukatika mara moja katika kila dakika 40 hivi, na faili linalohitaji saa nzima. Ukilivuta kwa kivinjari cha wakati ule, ambacho likikatika hulifuta na kuanza upya, unaweza kulipa dakika mia tatu na usilipate, kwa sababu unahitaji bahati ya saa nzima isiyo na hitilafu. Ukilivuta kwa namna ambayo huendelea pale lilipoishia, unalipa saa yako moja na dakika chache za kupiga simu tena, basi. Uwezo huo haukuwa uchawi wa programu fulani. Itifaki ya FTP ilikuwa nao kwa amri ya REST, na HTTP 1.1, itifaki ya kurasa za wavuti, iliuweka rasmi: mteja huomba kuanzia baiti fulani, na seva inayokubali hujibu kwa namba 206 badala ya 200. Watu wa enzi za mbao za matangazo za simu (BBS), yaani kompyuta zilizopigiwa simu moja kwa moja, waliujua tangu zamani, kwa kuwa Zmodem, itifaki yao ya kutuma mafaili iliyotoka mwaka 1986 iliweza kuendeleza faili lililokatika, tofauti na Xmodem ya 1977 ambayo, licha ya kukosa uwezo huo, ilituma vipande vya baiti 128 na kusubiri jibu la kila kimoja kabla ya kutuma kinachofuata.

Kwenye mashine za Windows niliweka GetRight, programu ya kupakua yenye uwezo huo, na baadaye FlashGet. Kwa mafaili mazito nilitumia mashine ya Linux na programu ya wget, kwa sababu niliweza kuiachia usiku kucha bila mtu. Amri yenyewe ilikuwa fupi, wget -c -t 0 -T 60 ikifuatiwa na anwani, lakini kila herufi ilikuwa na kisa chake. Herufi c huamuru kuendeleza. Namba sifuri baada ya t huiambia isikate tamaa. Ile T ndiyo watu waliyoiacha, na ndiyo iliyookoa fedha: bila hiyo, wget husubiri sekunde 900 kabla ya kukubali kwamba muunganisho umekufa, na hizo ni dakika 15 za kulipia laini isiyopitisha kitu. Upande wa pppd, programu iliyoshikilia muunganisho wa simu, niliweka persist ili ipige simu upya yenyewe, pamoja na lcp-echo-interval na lcp-echo-failure ili igundue kifo cha laini ndani ya dakika mbili. Mstari wa mwisho wa skripti ulikuwa poff, ili kazi ikiisha saa nane usiku simu ikatwe papo hapo badala ya kuachwa wazi hadi nifike asubuhi na kukuta mhasibu ameshafika.

Kuendeleza faili kulikuwa na mitego yake. Seva nyingine zilikataa kabisa, zikajibu 200 na kuanza mwanzo. Nyingine zilibadilisha faili kwa toleo jipya katikati ya usiku, na matokeo yake nikapata kichwa cha toleo la zamani na mkia wa jipya, faili lenye ukubwa unaoelekea kuwa sahihi lakini lisilofunguka. Kulikuwa pia na seva za akiba za watoa huduma, zilizohifadhi nakala za vilivyokwisha kuvutwa, ambazo zilipozidiwa zilituma ukurasa wa HTML wa kuomba radhi, na programu isiyo makini ikauhifadhi ndani ya faili kana kwamba ni sehemu yake. Kwa hiyo sikuwahi kukata simu ya mwisho kabla ya kuendesha unzip -t au kulinganisha jumla ya md5, namba ya uhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, palipokuwa na moja iliyotangazwa. Ilipotokea taswira nzima ya CD, yaani faili lenye nakala ya CD yote, iliyoletwa kwa mkono ina kasoro mahali pamoja tu, rsync iliniokoa: huilinganisha nakala yako na ya seva kipande kwa kipande kwa kutumia jumla za uhakiki, na kuvuta vile tu vinavyotofautiana. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ilibuniwa kwa ajili ya viungo vya polepole kama chetu.

Swali la kufungua miunganisho mingi kwa faili moja lilikuwa na ubishi mwingi. Programu zilizojitangaza kuwa za kuongeza kasi ziligawa faili katika vipande vinne au zaidi na kuvivuta kwa pamoja. Wapo walioapa kwamba zinafanya kazi, na wapo walioapa kwamba ni uongo mtupu. Pande zote mbili zilikuwa sahihi, kwa sababu inategemea mbanano uko wapi. Ukiweka ndoo nne chini ya bomba moja linalodondosha, hupati maji zaidi ya yale yatokayo bombani, na kama modemu yako ndiyo inayobana, vipande vinne vitagawana kilobaiti zilezile tatu. Lakini wakati ule Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wowote wa baharini. Mtoa huduma alitegemea dishi la setilaiti, na kiungo hicho kiligawanywa kati ya wateja wote waliokuwa hewani. Saa nne asubuhi, mbanano haukuwa kwenye modemu yangu bali kwenye lile dishi, na hapo TCP, itifaki inayosafirisha data za intaneti, hugawa nafasi kwa kadiri ya miunganisho, si kwa kadiri ya watu. Mwenye minne alipata takribani mara nne ya mwenye mmoja.

Ili nisibahatishe, nilipandisha faili langu la zip kwenye nafasi ndogo ya kurasa ambayo mtoa huduma aliwapa wateja wake, na kila nilipotilia shaka kasi nilivuta faili hilo kwanza. Kwa kuwa seva hiyo ilikuwa palepale Dar es Salaam, upande huu wa dishi, kasi yake ilinionyesha uwezo wa modemu na laini pekee. Likishuka kwa kilobaiti 3 ilhali la Marekani linashuka chini ya moja, nilijua mbanano uko nje, nikafungua miunganisho mitatu. Likishuka polepole nalo, nilikwenda kuangalia waya. Nakiri kwamba miunganisho ile mingi niliitumia kwa kusitasita, maana nafasi niliyoongeza ilitoka kwa mtu mwingine aliyekuwa akingoja ukurasa wake ufunguke, na seva kadhaa za FTP, kwa haki kabisa, zilimfungia mteja aliyezidisha.

Njia ya heshima zaidi ilikuwa kuchagua saa. Wengi walidhani usiku wowote ni mzuri, lakini saa sita usiku kwetu ni alasiri kule New York, na seva za huko zilikuwa na shughuli nyingi hata kama dishi la mtoa huduma lilikuwa tupu. Muda nilioupenda ulikuwa kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikivuta kutoka seva za nakala za Ulaya, ambako nako watu walikuwa wamelala, ftp.funet.fi ya Finland ilinihudumia kwa miaka. Seva ya Afrika Kusini ilionekana kwenye ramani kuwa jirani, lakini data zake zilipanda setilaiti na kuzunguka kupitia Ulaya au Marekani kabla ya kutufikia, na kwa hakika hata barua ya kwenda ofisi ya mtaa wa pili, ikiwa ilitumia mtoa huduma mwingine, ilifanya safari hiyohiyo. Wakenya walianza kuliondoa tatizo hilo kwa KIXP, kituo chao cha kubadilishana data cha Nairobi, ambacho kilifunguliwa upya mwaka 2002 baada ya kuzuiwa kwa muda.

Marekebisho ya ndani ya Windows, yale ya kubadili ukubwa wa pakiti na wa dirisha la kupokelea, yaani kiasi cha data kinachoweza kuwa njiani kabla ya kujibiwa, niliyapima kwa uvumilivu na sikupata kitu cha maana. Setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta huongeza nusu sekunde hivi kwa safari ya kwenda na kurudi, lakini kwa kilobaiti 3 kwa sekunde data zilizo njiani hazifiki hata theluthi ya dirisha la kilobaiti 8 lililowekwa na Windows 95. Kupanua dirisha lisilojaa hakusaidii. Ukubwa wa pakiti nao ulileta tofauti ya asilimia chache, na ubanaji wa vichwa vya TCP, ambao PPP, itifaki ya kuunganisha intaneti kwa simu, ilikuwa nao tayari, uliifuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Usumbufu wa kweli wa setilaiti ulionekana kwenye mafaili mengi madogo, kwa kuwa kila moja lililipia safari zake za kuanzisha muunganisho. Kwa sababu hiyo nilipendelea kuvuta zip moja kubwa kuliko kurasa mia mbili za mwongozo uleule.

Kilichobaki kilikuwa kupunguza kinachovutwa. Kerneli ya Linux 2.4, yaani kiini cha mfumo huo, iliyotoka Januari 2001, ilikuwa zaidi ya megabaiti 15 hata baada ya kubanwa, lakini nikishakuwa nayo matoleo yaliyofuata niliyapata kwa viraka, mafaili ya mabadiliko pekee, vilivyo vidogo zaidi. Binamu yangu aliyekuwa akisoma Uholanzi alinipatia akaunti kwenye mashine ya Unix ya huko, nikawa naingia kwa telneti, njia ya kuiandikia amri mashine ya mbali, ambayo hula data kidogo sana, navuta kitu huko kwa sekunde chache, nakifungua, naondoa lugha na mifano tusiyoihitaji, nabana upya kwa bzip2, kisha nakigawa vipande vya megabaiti 2 na kuvileta Upanga kimoja kimoja. Kazi ya saa mbili ilipungua mara nyingi ikawa chini ya moja.

Kwa CD nzima sikuwahi kutumia laini ya simu. Megabaiti 650 kwa kilobaiti 3 ni zaidi ya saa 60 mfululizo, na msafiri anayetoka Amsterdam hufika kwa siku moja. Binamu alichoma CD, akampa mtu anayekuja likizo, nasi tukazinakili na kuzituma kwa basi hadi Tanga na Moshi, ambako wenzetu walilipa simu ya masafa hadi Dar ili tu waunganishwe. Baada ya muda mkurugenzi wetu, mama ambaye awali aliziita CD hizo uchafu wa mezani, aliagiza kabati lenye kufuli na daftari la kuazima. Sharti alilolitia yeye mwenyewe lilikuwa kwamba kila anayeazima, awe mwanafunzi au jirani wa ofisi ya juu, arudishe CD pamoja na nyingine tupu, na aandike kwenye daftari faili gani jipya ameliona mahali pengine mjini, ili kabla ya kupiga simu ng'ambo tujue kwanza kama kuna aliyekwisha kulivuta.